Msiuze kiwanja: majibu kwa wasomaji kuhusu mabadiliko ya utando wa kibofu

Barua tano nilizozichagua kwa safu ya mwezi huu zimetoka kwa watu wasiojuana, lakini zote ziliandikwa baada ya kusoma karatasi ya aina moja, yaani majibu ya anapati, ambayo ni maelezo ya mtaalamu aliyetazama kwa hadubini kipande kidogo cha utando wa ndani wa kibofu cha mkojo. Karatasi hiyo huandikwa kwa Kifaransa cha wataalamu, na mara nyingi mgonjwa huipokea dirishani kabla hajaonana na daktari wake. Nimewaona wagonjwa walioacha kula kwa hofu ya neno lisilo na ubaya wowote. Nimewaona pia wengine, wachache lakini siwasahau, waliolala usingizi mzito kwa sababu waliambiwa "hakuna kansere", kumbe kwenye karatasi hiyohiyo kulikuwa na neno lililotaka kufuatiliwa kwa miaka. Ndiyo sababu nimejibu kwa kirefu kuliko kawaida.

Docta, nakusalimu. Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Kwa mwaka mzima mkojo umekuwa ukinichoma, na usiku naamka mara nne au tano. Nimepewa antibiotiki mara sita katika vituo mbalimbali. Mwishowe waliniingiza kamera kwenye kibofu, wakaona baka jeupe karibu na mlango wa kutokea mkojo, wakachukua kipande. Majibu yanasema nina metaplasia ya Malpighi kwenye trigoni, isiyo na keratini, pamoja na mchochota wa muda mrefu. Nilipewa karatasi bila maelezo kwa kuwa daktari alikuwa safarini. Shemeji yangu anasema kila neno linaloishia na "plasia" ni kansere, na sasa nyumbani wanapanga kuuza kiwanja chetu ili nipelekwe India. Je, wauze?

Mama yangu, msiuze kiwanja. Naanza na hilo kabla ya maelezo yoyote, kwa sababu ardhi iliyouzwa kwa haraka hairudi, na katika yale uliyoyanakili kutoka kwenye karatasi yako hakuna hata neno moja linalotaja kansere.

Shemeji yako amekosea kwa namna inayoeleweka. "Plasia" ni kipande cha neno la Kigiriki chenye maana ya kufinyanga au kuumba, kama mfinyanzi anavyoumba chungu, na chenyewe hakisemi kama chungu kimetoka kizuri au kibaya; linalosema ni lile neno linalotangulia. Hiperplasia ni seli kuongezeka idadi huku zikibaki na sura yake ya kawaida. Metaplasia ni seli za aina moja kuziachia nafasi seli za aina nyingine, ambazo nazo ni seli nzima na zenye utaratibu, isipokuwa hazikuzoeleka mahali hapo. Displasia ni seli kuumbika vibaya, na hapo daktari hukaza macho. Neoplasia ni uoto mpya wa seli zinazokua bila kuutii mwili, ambao unaweza kuwa salama au kuwa kansere. Huenda neno hilo la mwisho ndilo alilowahi kulisikia hospitalini.

Malpighi naye si ugonjwa. Alikuwa daktari wa Italia, aliyezaliwa mwaka 1628 na kufariki mwaka 1694, mmoja wa watu wa kwanza kuichunguza ngozi kwa hadubini, na madaktari wanaotumia Kifaransa, kama sisi, huziita kwa jina lake seli bapa zinazopangana kwa tabaka kama zilivyo za ngozi au za ndani ya mdomo.

Sasa tuingie ndani ya kibofu chenyewe, kwa kuwa bila kukijua huwezi kuielewa karatasi yako. Utando wake wa ndani umefanywa kwa seli zilizopangana kwa tabaka, na maajabu yake ni kwamba unanyumbuka: kibofu kikiwa kitupu tabaka huonekana kufika sita au saba, na kikijaa hadi nusu lita hivi, seli hujitandaza hata ukahesabu mbili au tatu tu. Tabaka la juu kabisa lina seli kubwa pana ambazo wataalamu huziita seli mwavuli, kwa kuwa kila moja hufunika nyingine kadhaa zilizo chini yake, na kazi yake ni kuuzuia mkojo, pamoja na sumu zote ambazo mwili umeamua kuzitupa, usipenye kurudi ndani. Katika sakafu ya kibofu kuna pembetatu inayochorwa na matundu matatu: mawili ambako mkojo hushuka kutoka kwenye figo, na moja ambako hutokea nje. Pembetatu hiyo ndiyo trigoni.

Katika trigoni ya wanawake wengi waliofikia umri wa kuzaa, seli za kawaida za kibofu zimeachia nafasi seli bapa laini zinazofanana na zile za ukeni. Jambo hilo linaongozwa na homoni ya estrojeni, si na ugonjwa, na ni la kawaida kiasi kwamba wataalamu wengi wa anapati hulihesabu kuwa umbo mojawapo la kawaida la kibofu cha mwanamke. Kwa kamera huonekana kama utandu mweupe hafifu, kama ukungu juu ya kioo. Halikatwi, halichomwi, wala lenyewe haliwi kansere. Maneno "isiyo na keratini" ndiyo yanayonipa ujasiri wa kukuambia hivyo. Msomaji atakayeendelea hadi barua ya pili ataona kwa nini.

Lakini mkojo wako bado unachoma, na hilo silipiti, maana ungeniuliza kwa haki: kama baka halina hatia, ni nani mwenye hatia? Uwezekano mkubwa ni mchochota uliotajwa mwishoni mwa karatasi, na kinachonisikitisha ni kwamba umemeza antibiotiki mara sita na hukuniandikia popote kwamba mkojo wako uliwahi kuoteshwa maabara. Kipimo ambacho maabara zetu hukiita ECBU huonyesha ni kijidudu gani kipo na ni dawa gani inayokiua. Bila hicho, kila kituo kilikuwa kikikisia, na kijidudu kilichobaki hai baada ya dozi sita ni kile kilichokwisha kujifunza kuzishinda. Fanya ECBU ukiwa umekaa siku kadhaa bila antibiotiki. Kama mkojo una usaha lakini hakuna kijidudu kinachoota, mwombe daktari afikirie kifua kikuu, ambacho hushambulia hata figo na kibofu na hakioti katika uoteshaji wa kawaida. Pima sukari. Fanya ekografia, yaani picha ya mawimbi ya sauti, ili kuona kama kuna jiwe, na kama mkojo unabaki kibofuni baada ya kujisaidia. Na kwa kuwa una miaka 46, estrojeni inaweza kuwa imeanza kupungua; kwa mama ambaye hedhi imekoma, krimu ya estrojeni inayopakwa ukeni hupunguza maambukizi ya kurudiarudia, nami huona inasahaulika mno katika mji wetu.

Kama familia bado ina wasiwasi, ipo njia isiyohitaji ndege. Kipande chako hakikutupwa: kimehifadhiwa ndani ya nta, na vioo vilivyotazamwa navyo huwekwa. Una haki ya kuomba vioo hivyo visomwe na mtaalamu wa pili. Hutakatwa tena, na jicho la pili ndilo litakalowatuliza watu wa nyumbani kuliko maneno yangu. Utakaloniahidi ni moja: ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, usiseme "walikwisha kuniangalia", rudi.

Docta, mimi ni mzee wa miaka 63, dereva mstaafu, wa Kampemba. Tezi dume ilinizuia mkojo, nikawekewa sonda, yaani mpira wa kutolea mkojo, wakati natafuta fedha za upasuaji, na sasa imetimia miezi 14. Sonda imebadilishwa mara tatu tu. Mwezi uliopita waliangalia ndani wakachukua vipande. Majibu: metaplasia ya Malpighi yenye keratini, leukoplakia, hakuna displasia, misuli haikuonekana. Kijana aliyenipa karatasi aliniambia, "Mzee, furahi, hakuna kansere." Nilifurahi kweli, lakini binti yangu anayesoma safu hii hanipi amani hadi nikuandikie. Nilivuta sigara miaka 30, nimeacha miaka miwili sasa.

Baba, binti yako amefanya kazi ya daktari. Kijana wa dirishani hakukudanganya, kwa kuwa kansere haikuonekana, lakini kati ya karatasi yako na ile ya mama wa Katuba kuna tofauti ya neno moja, na neno hilo ni keratini.

Keratini ni kitu kigumu kinachounda kucha, nywele na tabaka la juu la ngozi. Mwanamke anayetwanga kila siku, au mchimbaji anayeshika sururu, hupata sugu kiganjani, kwa sababu ngozi inayosuguliwa hujiongezea tabaka kavu ili isichubuke. Kibofu chako kimejaribu kufanya jambo la namna hiyo. Kwa miezi 14 ncha ya sonda imekuwa ikigusa utando ambao haukuumbwa kuguswa na kitu chochote ila mkojo, vijidudu vimetanda juu ya plastiki, na utando, kwa kujitetea, umeacha kuwa utando wa kibofu na kuanza kufanana na ngozi. Doa jeupe nene linaloonekana kwa kamera ndilo leukoplakia. Jiwe la kibofu lililokaa miaka linaweza kuleta hali hiyohiyo, na kichocho pia.

Sugu ya kiganjani haigeuki kuwa kansere. Sugu ya kibofuni, katika sehemu ya wagonjwa, hufuatiwa baada ya miaka na kansere ya seli bapa, na wakati mwingine zote mbili hukutwa siku moja. Sisemi hivyo ili nikuondolee furaha, kwa maana wengi wenye leukoplakia hawafiki huko. Nasema ili usichanganye "hakuna kansere leo" na "hakuna cha kufuatilia". Kinachopima hatari ni ukubwa wa eneo. Madaktari hutenganisha doa dogo na hali ambapo keratini imefunika nusu ya kibofu au zaidi, na hiyo ya pili ndiyo inayowatia hofu, kwa sababu ya kansere na pia kwa sababu kibofu kilichokakamaa husinyaa na kuzirudishia figo shinikizo. Karatasi ya anapati haiwezi kukuambia eneo. Aliyeingiza kamera ndiye anayejua. Rudi kwake umwombe aliandike.

Kuhusu misuli kutoonekana, usihangaike. Hilo lingekuwa jambo zito kama pangekuwa na kansere, maana ingebidi kujua imezama hadi wapi. Kwa doa la juujuu lisilo na displasia, kipande cha juujuu hutosha.

La kufanya sasa ni kukiondoa kinachosugua. Upasuaji wa tezi dume kwako umetoka kwenye orodha ya mambo yanayoweza kusubiri, na ningependa watoto wako wakae pamoja wajue kwamba fedha hiyo inatibu tezi dume na kibofu kwa pamoja. Kama bado haijapatikana, muulize daktari mambo mawili: kama dawa za kulegeza shingo ya kibofu zinaweza kujaribiwa ili sonda itolewe, na kama unaweza kufundishwa kujiingizia mwenyewe sonda safi mara nne hadi sita kwa siku na kuitoa mara tu mkojo unapokwisha, jambo ambalo wazee wengi hulimudu baada ya wiki moja ya aibu. Ikilazimu sonda ibaki, basi ibadilishwe kwa ratiba: ya silikoni ndani ya wiki 12, ya mpira wa kawaida mapema zaidi, na mfuko wake ukae daima chini ya usawa wa kibofu. Mara tatu katika miezi 14 ni kidogo mno, na nalaumu zaidi aliyekuweka sonda bila kukuambia tarehe ya kurudi kuliko nikulaumuvyo wewe.

Baada ya upasuaji, kamera irudiwe kila mwaka mradi doa lipo. Sigara uliyoiacha usiirudie kamwe, kwani takriban nusu ya kansere za kibofu chanzo chake ni moshi wa sigara: kemikali zake huchujwa na figo, kisha hukaa saa nzima nzima zikigusana na utando huo tunaouzungumzia. Hatari hupungua kadiri miaka ya kuacha inavyoongezeka, ingawa haifutiki mara moja.

Mimi ni dada wa miaka 33, wa Likasi. Tangu ujana nasumbuliwa na maambukizi ya mkojo. Biopsi, yaani kipande walichochukua kibofuni, imesema sistiti ya vifuko na ya tezi, na kwamba kuna mabadiliko ya aina ya utumbo. Je, utumbo umeota ndani ya kibofu changu?

Dada, utumbo haukuota. Sistiti ni mchochota wa kibofu. Utando wa kibofu ukichokozwa kwa muda mrefu, seli zake huchipuka kuelekea chini, zikajikusanya kama viota vidogo chini ya uso. Viota hivyo vinaitwa kwa jina la von Brunn, Mjerumani aliyevieleza mwaka 1893, na hukutwa hata katika vibofu vya watu wasiolalamikia chochote. Kiota kikifanya uwazi katikati na kujaa majimaji, tunapata kifuko, ambacho kwa kamera hung'aa kama tone la umande. Seli zinazozunguka uwazi huo zikianza kutoa ute, tunaita sistiti ya tezi, na ute huo ukitoka kwenye seli zinazofanana na za utumbo mpana, ndipo mtaalamu huandika maneno yaliyokutisha.

Zamani hali hiyo ilihesabiwa kuwa njia ya kuelekea kansere, na vitabu vingi vilivyomo katika maktaba zetu bado vinasema hivyo. Madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliwafuatilia kwa muda mrefu wagonjwa 53 wenye mabadiliko ya aina ya utumbo, wakachapisha mwaka 1997 kwamba si kitu kinachoongeza sana hatari. Hata hivyo, kama eneo ni kubwa au displasia imetajwa, wengi wetu tunaendelea kuangalia kwa kamera mara kwa mara, nami niko upande huo wa waangalifu. Kwako wewe kazi iliyo mbele ni kuyakomesha maambukizi: ECBU kila dalili zinaporudi, maji ya kutosha, kutobana mkojo safarini, na ekografia ya figo kama haijawahi kufanywa.

Docta, mimi ni mwanafunzi wa miaka 24 hapa Lubumbashi. Nilikulia kando ya Luapula, tukiogelea na kuvua kila siku. Nikiwa na miaka 11 nilianza kuona damu mwishoni mwa mkojo. Wenzangu wengi walikuwa nayo, na wakubwa walituambia ni dalili ya mvulana kukomaa. Ilipungua, nikasahau. Mwaka huu imerudi. Kwa kamera wameona "mabaka ya mchanga" na kinundu kimoja. Biopsi inasema mayai ya kichocho, granuloma, na metaplasia bila displasia. Je, nimechelewa? Na je, naweza kumwambukiza mchumba wangu?

Mdogo wangu, hukuchelewa, na nakushukuru kwa kulitaja lile walilowaambia wakubwa, kwa kuwa limewachelewesha vijana wengi kuliko umbali wa hospitali. Damu kwenye mkojo wa mvulana si ukomavu. Kuonekana kwake kwa watoto wengi wa kijiji kimoja ni ushahidi kwamba maji ya kijiji hicho yana kichocho.

Mnyoo wenyewe aliugundua daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, mjini Cairo mwaka 1851, na ndiyo maana wengine hapa huuita ugonjwa huu bilharzia. Konokono wadogo wa maji baridi hutoa viluwiluwi visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini bila yeye kuhisi jeraha. Ndani ya mwili hukua kuwa minyoo, dume na jike wakaishi pamoja katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu, kwa kawaida miaka mitatu hadi mitano na wakati mwingine zaidi sana. Jike hutaga mayai kila siku. Kila yai lina mwiba nchani. Mayai yanayofaulu kuupenya ukuta wa kibofu hutoka na mkojo pamoja na damu. Yasiyofaulu hubaki ndani ya nyama, na ni hayo, si minyoo, yanayokiharibu kibofu. Mwili huyazingira kwa seli za ulinzi, na mzingo huo ndio granuloma. Zikikusanyika nyingi huinua utando na kufanya kinundu kama ulichoonwa nacho. Miaka inapopita mayai hufa, hugeuka kama chokaa, na utando ulio juu yake hukonda hadi daktari akaona kitu kinachofanana na mchanga chini ya maji machache. Ndiyo mabaka ya mchanga.

Mabadiliko yote hayo si kansere. Ila mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka kichocho cha mkojo katika kundi la kwanza la visababishi vya kansere kwa binadamu, kwa sababu utando unaojeruhiwa na kujijenga upya kwa miongo hatimaye unaweza kukosea. Una miaka 24 na karatasi yako inasema hakuna displasia. Huu ndio wakati mzuri wa kuukata mnyororo.

Dawa ni prazikuanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa mara moja. Mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600, baada ya chakula, akiwa amepimwa uzito kituoni na si kwa kukisia. Inaua minyoo iliyokomaa lakini si ile michanga, kwa hiyo mkojo uchunguzwe tena baada ya wiki kadhaa, na dozi irudiwe ikihitajika. Unapopeleka mkojo maabara, uwe wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi, na usimwage tone la mwisho, maana ndilo lenye mayai. Dawa haiondoi mayai ya zamani yaliyokwisha kuwa chokaa, hivyo mabaka ya mchanga yatabaki. Usidhani matibabu yameshindwa. Kinundu hicho kichanga huweza kunywea chenyewe baada ya dawa. Fanya pia ekografia ya figo, kwa sababu makovu ya mayai huweza kubana njia zinazoshusha mkojo, na figo huharibika kimyakimya bila maumivu. Damu ikirudi baada ya matibabu, nawe hujaingia tena mtoni, omba kamera irudiwe.

Mchumba wako huwezi kumwambukiza kwa tendo la ndoa, wala kwa chombo, wala kwa choo. Bila konokono mnyoo hasafiri. Lakini kama naye alikulia kando ya maji hayo, au kama una dada zako huko, wapimwe. Kwa wanawake mayai hukaa pia kwenye shingo ya uzazi na ukeni, huleta vidonda, maumivu na damu, na mara nyingi wasichana hao hutibiwa, na kuaibishwa, kana kwamba wana ugonjwa wa zinaa. Jambo hilo linaniumiza kila ninapokutana nalo, kwa sababu dawa yake ni vidonge vilevile.

Kaka yangu mkubwa alipandikizwa figo nje ya nchi miaka minne iliyopita; aliyemtolea ni dada yetu. Sasa, baada ya damu kidogo kwenye mkojo, biopsi ya kibofu imesema "adenoma ya nefrojeni". Tunaogopa kwamba figo imeleta kansere. Msomaji wa Kamalondo.

Hapana, na maelezo yake ni mojawapo ya mambo mazuri niliyowahi kusoma katika fani hii. Adenoma ya nefrojeni ni kinundu salama chenye vijimirija vinavyofanana kabisa na vijimirija vya figo, na hutokea pale utando wa kibofu ulipojeruhiwa, iwe kwa upasuaji, jiwe, sonda au maambukizi. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ni utando wenyewe uliobadilika, yaani metaplasia nyingine. Mwaka 2002 watafiti waliwachunguza wagonjwa waliopandikizwa figo kutoka kwa mtu wa jinsia nyingine, wakatazama kromosomu za jinsia ndani ya kinundu, wakakuta seli zake ni za mtoaji na si za mpokeaji: seli zilibanduka ndani ya figo, zikashuka na mkojo, zikatua juu ya jeraha la kibofu na kuota hapo kama mbegu. Kwa hiyo kinundu cha kaka yako yaelekea kimefanywa na seli za dada yenu.

Huondolewa kupitia kamera, na kinaweza kurudi, hivyo ataangaliwa tena. Asiache dawa zinazoilinda figo kwa sababu ya habari hii. Ila kwa kuwa dawa hizo hupunguza kinga ya mwili, hatari yake ya kansere kwa jumla ni kubwa kuliko ya mtu mwingine wa umri wake, na kila damu itakayoonekana tena kwenye mkojo wake ichunguzwe upya, bila kudhaniwa kuwa ni kinundu kilekile.